Joseph Goldberger

Joseph Goldberger (16 Julai 1874 – 17 Januari 1929) alikuwa daktari na mtafiti wa Marekani mwenye asili ya Kiyahudi. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwamba pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi, husababishwa na lishe duni na si vijidudu. Tofauti na chunusi, ambayo uhusiano wake na vyakula bado unajadiliwa na wataalamu, pelagra ni mfano wa wazi wa ugonjwa wa ngozi unaotokana na chakula.

Maisha ya awali

Goldberger alizaliwa katika kijiji cha Giraltovce, wakati huo katika Milki ya Austria-Hungaria, leo nchini Slovakia. Mwaka 1883 familia yake ilihamia New York, ambako baba yake alifungua duka la vyakula. Alianza kusomea uhandisi, kisha akageukia udaktari na kuhitimu katika chuo cha tiba cha hospitali ya Bellevue mwaka 1895.

Mwaka 1899 alijiunga na idara ya afya ya serikali ya Marekani. Alifanya kazi katika vituo vya karantini na kuchunguza magonjwa ya kuambukiza. Katika kazi hiyo aliugua mwenyewe homa ya manjano, homa ya dengi na homa ya tifasi inayoenezwa na chawa. Mwaka 1906 alimwoa Mary Farrar, wakapata watoto wanne.

Utafiti kuhusu pelagra

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ilienea sana katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mgonjwa hutokwa na vipele na magamba kwenye sehemu za ngozi zinazopigwa na jua, huharisha, huchanganyikiwa akili na mwishowe anaweza kufa. Madaktari wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mwaka 1914 Goldberger alikabidhiwa uchunguzi wake. Alipotembelea hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya watoto yatima aliona kwamba waliohifadhiwa humo waliugua, lakini wafanyakazi waliokaa nao kila siku hawakuugua. Tofauti kubwa ilikuwa chakula: maskini walikula hasa unga wa mahindi, shira na mafuta ya nguruwe. Yeye aliongeza maziwa, mayai, nyama na maharagwe katika vituo viwili vya yatima mjini Jackson, Mississippi, na katika hospitali moja ya Georgia. Ugonjwa ulikaribia kutoweka humo.

Mwaka 1915 alifanya jaribio katika shamba la gereza la Rankin, Mississippi. Wafungwa 11 wenye afya walikubali kula chakula cha mahindi, wali, viazi vitamu na shira, bila maziwa wala nyama, kwa ahadi ya gavana kwamba wataachiwa huru. Baada ya miezi kadhaa, 6 kati yao walipatwa na vipele vya pelagra. Leo jaribio hilo hukosolewa, kwa kuwa mfungwa aliyeahidiwa uhuru hawezi kusemwa kuwa amechagua kwa hiari kamili.

Wapinzani wake hawakuridhika. Hivyo mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vyenye magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi chao. Mke wake pia alidungwa damu hiyo. Hakuna aliyepata pelagra.

Pelagra na umaskini

Pamoja na mwanauchumi Edgar Sydenstricker, alichunguza vijiji vya wafanyakazi wa viwanda vya pamba huko South Carolina. Waligundua kwamba kadiri kipato cha familia kilivyopungua, ndivyo pelagra ilivyozidi. Matokeo hayo yaliwaudhi viongozi wengi wa kusini, walioona kwamba eneo lao linaaibishwa.

Miaka ya 1920 alionyesha kwamba hamira, iliyokuwa ya bei nafuu, inakinga na kuponya ugonjwa huo. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi mwaka 1927, hamira iligawiwa kwa waathiriwa.

Kifo na urithi

Goldberger alifariki kwa saratani ya figo mjini Washington, D.C., kabla ya kutambua kirutubishi kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba ni niasini, yaani vitamini B3. Mahindi yanayo, lakini imefungamana kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia vizuri. Wenyeji wa Mexico huchemsha mahindi kwa chokaa, na njia hiyo huifungua.

Tangu unga uanze kuongezwa niasini, pelagra imekuwa nadra nchini Marekani. Bado hutokea penye njaa, kambi za wakimbizi na ulevi wa kupindukia.