RAMADHANI SIKU YA 9: Karani wa Forodha Aliyeletwa Mpwapwa

Ndugu zangu wa Kibaigwa na nyinyi mlioko mbali, poleni na swaumu, poleni na vumbi la sokoni.

Mwezi wa Shaaban tumeumaliza juzi tu. Sasa kuna mtu wetu aliitwa jina hilo, Shaaban Robert. Wengi tulimkuta shuleni, tukamsoma kwa ajili ya mtihani, tukafunga daftari. Leo naomba umwangalie upya, umwone kama baba wa watoto. Wewe unayesoma hapa nadhani una wako, au unalea wa ndugu yako.

Alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga. Akasoma Dar es Salaam, na 1926 akaanza ukarani forodhani. Miaka kumi na minane alikuwa huko, Pangani na kwingineko, karani mweusi wa serikali ya mkoloni. Mshahara wake unaweza kuukisia mwenyewe. Katikati ya miaka hiyo akaoa, mkewe akiitwa Amina. Amina akafariki mume hajatimiza hata arobaini, akamwachia watoto wadogo.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mwanamume akifiwa na mke kwetu huku, watoto wanapelekwa kwa bibi, yeye anarudi kwenye shughuli zake. Kuwapeleka kwa bibi si kosa, bibi zetu wametulea wengi. Ila baba naye mara nyingi anaondoka moja kwa moja. Anatuma hela, anatuma gunia, basi.

Huyu naye alikuwa na kila sababu ya kuondoka hivyo. Mwaka 1944 alitoka forodhani akaingia idara ya wanyama, ndipo akaletwa Mpwapwa. Ndiyo, Mpwapwa hii hii. Wakati ule hata eneo letu hili lilihesabiwa Mpwapwa, Kongwa imekuja kuwa wilaya miaka ya 1990. Mtu wa pwani, wa nazi na samaki, anakuja kukaa kwenye mibuyu na ng'ombe na ule upepo wetu wa mwezi wa saba! Hakukaa sana, 1946 alikuwa amesharudi Tanga, akaendelea na ukarani, kwanza ofisi ya wilaya, halafu idara ya upimaji.

Lakini angalia alichowafanyia wanawe. Alikaa chini akawatungia. Binti yake alimpa utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume akampa utenzi wa Adili. Mle kuna kumjua Mungu, kuna adabu kwa wazazi, kuna usafi, kuna kazi, kuna kuchunga ulimi. Yaani karani, jioni, baada ya kuandika barua za serikali kutwa nzima, anashika tena kalamu kuzungumza na mtoto. Mengine aliyomwambia binti kuhusu mume, kina mama wa leo wakiyasoma watabishana naye, na wana haki ya kubishana. Lakini binti yule alikuwa na kitu mkononi cha kubishana nacho. Wa kwetu wanabishana na nini?

Na hili la baba kumwambia mwanawe si la Tanga peke yake. Fungua Suratu Luqman, leo tu, hata kwa tafsiri. Utamkuta baba anamzungumzia mwanawe asimshirikishe Mungu, asimamishe swala, asubiri, asitembee kwa maringo, ashushe sauti yake. Mwenyezi Mungu ameyahifadhi mazungumzo ya baba na mtoto ndani ya Qur'ani.

Mimi nina miaka arobaini na sita. Mwanangu aliwahi kuniuliza kwa nini tunafunga. Nikamwambia kamuulize ustadhi wa madrasa. Wallahi nilikuwa nahesabu magunia, lori limewashwa, tajiri anapiga honi. Hakuniuliza tena. Sasa hivi ana miaka kumi na saba, tukishafuturu anachukua simu yake, na mimi nachukua yangu.

Shaaban Robert alipofika hamsini aliendelea kuandika habari zake, na kitabu kikaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Jina hilo ukilisikia unadhani mzee alikuwa na muda mwingi mbele yake. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru, ana miaka 53. Baada ya hamsini alipata mitatu.

Kwa hiyo usiku wa leo, tukitoka tarawehe, kabla hujalala kusubiri daku, chukua karatasi. Usirekodi kwenye simu, simu zinaibiwa. Hakuna anayekudai mashairi. Andika jina la mtoto wako juu, halafu mwandikie mambo mawili au matatu uliyoyaona kwa macho yako kuhusu Mungu, kuhusu ndugu, kuhusu hela. Na kama kuna jambo ulimkosea, liandike pia. Mimi nitaanza na lile swali la kufunga, nimechelewa miaka mingi lakini jibu lake ninalo.

Mola amrehemu mzee wetu, amrehemu Amina, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, azipokee swaumu zetu. Amin.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia zaka ya mazao, maana wakulima wengi mmeniuliza.

Futari njema.