Bwana Henry Folger na Vitabu vya Shakespeare

Kila mwanafunzi wa sekondari amepata kulisikia jina la William Shakespeare, mtungaji wa michezo wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1616. Lakini ni wachache wamjuao Bwana Henry Clay Folger, Mmarekani aliyevitafuta vitabu vya mtungaji huyo zaidi ya miaka 40. Yafaa tumjue, maana maisha yake yatufundisha jambo juu ya mali na matumizi yake.

Bwana Folger alizaliwa mjini New York tarehe 18 Juni, 1857. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Amherst, biashara ya baba yake ilianguka, naye akalazimika kuondoka kwa kukosa fedha. Kwa bahati njema alikopeshwa fedha na jamaa za rafiki zake, akarudi na kumaliza masomo mwaka wa 1879. Mwaka huo huo alimsikiliza mzee Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri, akitoa hotuba. Baadaye akasoma maneno ya mzee huyo ya kumsifu Shakespeare, na tangu hapo moyo wake ukanaswa.

Akapata kazi ya ukarani katika kampuni ya mafuta, akafanya kazi mchana na kusoma sheria baada ya kazi. Mwaka wa 1885 alimwoa Bibi Emily Jordan, mwalimu aliyekuja kumpenda Shakespeare sawa na mumewe. Mwaka wa 1889 Bwana Folger alikwenda mnadani, akanunua chapa ya nne ya michezo ya Shakespeare, iliyotolewa mwaka wa 1685. Bei yake ilikuwa dola 107 na senti 50. Hakuwa na fedha hizo mkononi, basi akaomba apewe siku 30 za kulipa. Hivyo ndivyo kazi yake kubwa ilivyoanza.

Wakusanyaji wa vitabu hupenda sana nakala yenye sahihi ya mtungaji mwenyewe. Lakini kwa Shakespeare jambo hilo ni gumu mno. Sahihi zake zinazokubaliwa na wataalamu wengi ni 6 tu, nazo zote zimo katika hati za kisheria. Kwa hiyo Bwana Folger alitafuta kitu kilicho karibu zaidi naye, yaani kitabu kikubwa kilichopigwa chapa London mwaka wa 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya humo michezo 36. Michezo 18 kati ya hiyo ilikuwa haijapigwa chapa hata mara moja, pamoja na Macbeth na Julius Caesar. Bila kitabu hicho huenda ingalipotea kabisa, na Mwalimu Julius Nyerere asingaliipata habari ya Kaizari kuitafsiri kwa Kiswahili, kama alivyofanya katika kitabu chake cha mwaka wa 1963.

Mwaka wa 1903 Bwana Folger alinunua nakala moja ya kitabu hicho kwa pauni 10,000. Thamani yake ilikuwa katika maandishi machache ya mkono, yaonyeshayo kwamba mpiga chapa mwenyewe, William Jaggard, aliitoa zawadi kwa rafiki yake mwaka ule ule wa 1623. Karani wa zamani sasa alikuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta, na mwaka wa 1911 akawa rais wa tawi lake la New York. Alipofariki alikuwa na nakala 82 za kitabu cha 1623. Nakala zijulikanazo duniani leo ni kama 235.

Hapo ndipo lawama zilipotokea. Bwana Folger na mkewe hawakuwa na nyumba ya kutosha vitabu vyote hivyo, basi vilifungwa katika masanduku na kuwekwa ghalani miaka mingi. Wataalamu walioomba kuvisoma mara nyingi walikataliwa. Kwao alikuwa kama mtu afungiaye nafaka wakati wa njaa. Tena watu waliuliza, nakala 82 za kitabu kimoja ni za nini?

Swali hilo la pili lilijibiwa baadaye. Zamani wapiga chapa walisahihisha makosa huku mtambo ukiendelea na kazi, kwa hiyo nakala moja hutofautiana na nyingine. Mtaalamu Charlton Hinman alitengeneza chombo cha vioo na taa, akalinganisha zaidi ya nakala 50 za Bwana Folger, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka wa 1963 akatoa kitabu kuonyesha jinsi kazi ile ilivyofanywa. Kama nakala hizo zingalitawanyika, kazi hiyo ingalikuwa ngumu mno.

Na swali la kwanza, Bwana Folger alilijibu kwa wosia wake. Alinunua kiwanja mjini Washington, karibu na Bunge, ili ajenge maktaba. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Mei, 1930. Majuma mawili baadaye, tarehe 11 Juni, akafariki. Mali yake ilikuwa imepungua kwa sababu ya anguko la biashara la mwaka wa 1929, lakini Bibi Emily akaongeza fedha zake mwenyewe, na maktaba ikafunguliwa tarehe 23 Aprili, 1932.

Basi tuseme nini juu yake? Lawama ya wale wataalamu ilikuwa ya haki, kwani kitabu kisichosomwa hakimfai mtu. Lakini asingalivikusanya, vingalitawanyika. Na asingaliacha wosia, juhudi yake ingalikwisha pamoja naye. Nasi tulio na vitabu vichache katika maktaba ya shule, tuvitunze vizuri, lakini tusivifungie kabatini. Kutunza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa mwenzako asome.