Jina la Mwalimu na Mtu wa Butiama

Tunapopita Bunda kuelekea Butiama kuzuru kaburi la Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, midomo yetu humtaja kwa jina moja: Mwalimu. Ni rahisi kusahau kwamba kazi ya darasani aliifanya kwa miaka michache tu: Tabora, katika shule ya Mtakatifu Maria, kuanzia 1946 hadi 1949, kisha Pugu, kuanzia 1953 hadi 1955.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1934 alianza masomo Mwisenge, Musoma. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Jina la ubatizo, kama tunavyowafundisha wakatekumeni wetu, si pambo. Mtu hulipokea kama wito kabla hajaustahili. Sisi tunaona kwamba jina la Mwalimu nalo lilimfanyia kazi ya namna hiyo.

Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya ajira ya Pugu na uongozi wa TANU, akaacha ajira. Ajabu ni kwamba jina la kazi aliyoiacha ndilo lililomganda. Tangu hapo taifa zima lilimtazama kama mwalimu: mtu wa maisha ya kadiri, anayeeleza kwa subira na asiyejilimbikizia mali. Anayetazamwa hivyo aweza kuivaa sura yake kama joho la sherehe na kulivua jioni, au aweza kuiacha imdai.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam, wamevaa majoho hasa, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa sehemu ya mshahara. Aliwarudisha makwao kwa mamia. Lakini hakuishia kwao: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Aliyoonekana kuwa nayo hadharani, sasa alijifunga nayo kwa sheria.

Hatupendi kuficha upande wa pili. Sura ya mwalimu ina kishawishi chake, nacho ni kuwaona watu wazima kuwa wanafunzi. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wengi walihamishwa kwa nguvu, na wazee wetu hapa Mara wanaikumbuka. Wapo pia waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Baadaye alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kwa mtu aliyezoeleka kusahihisha madaftari ya wengine, ungamo hilo halikuwa jepesi.

Mwaka 1985 aliacha urais, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tangu 2005 Jimbo letu la Musoma linafuatilia mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na katika mchakato huo Kanisa halichunguzi picha inayoning'inia ofisini. Linawauliza mashahidi kuhusu sala yake, hasira yake, namna alivyowatendea wapinzani na wa nyumbani kwake. Yeye amelala Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake, waliomwita Kambarage.