Kleist Sykes: mtoto wa mtu wa kuja

Msikilizaji wetu, ukienda Dar es Salaam kuchukua mzigo Kariakoo, huenda ukapita Mtaa wa Kleist Sykes ukadhani ni jina la Mzungu. Sivyo. Alikuwa Mwafrika na Mwislamu, na jina lake lingine ni Abdallah.

Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu wa Msumbiji. Mwaka 1889 Wajerumani waliwaleta yeye na wenzake kupigana na Abushiri kule Pangani. Baadaye alipelekwa Uhehe kumpiga Mkwawa, na wakati wa kurudi akafa maji katika Mto Ruaha. Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, akalelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa Wazulu hao. Tuseme ukweli hata kama unauma: wazee wake waliletwa nchini kuwapiga wenye nchi.

Yeye naye alijifunza Kijerumani, akapigana Vita Kuu ya Kwanza chini ya von Lettow-Vorbeck. Mjerumani akashindwa, na Kleist akaajiriwa reli chini ya Mwingereza. Makazi yake yalikuwa Kariakoo, mahali palipopewa jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Mjini watu walijuana kwa asili: hawa wenyeji, Wazaramo na Washomvi, wale watu wa kuja, Wamanyema, Wanubi, Wazulu. Ukizaliwa Pangani, baba Mzulu, jina la Kijerumani, wewe ni wa wapi?

Angeweza kujifungia na Wazulu wenzake. Badala yake, mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, akawa katibu wake. Chama hicho hakikuuliza kabila. Ilitosha uwe Mwafrika. Mwaka 1933 akashiriki pia kuunda Al-Jamiatul Islamiyya, chama cha Waislamu. Wapo wanaoona hapo amejigawa. Sisi tunaona mtu aliyekuwa na zaidi ya kwao kumoja, na hakuficha hata kimoja.

Baadaye alifanya biashara, akafariki mwaka 1949. Miaka mitano baadaye chama chake kikageuka TANU, na mwanawe Abdulwahid alikuwemo kati ya waasisi. Kabla ya kufa, Kleist aliandika habari za maisha yake mwenyewe. Mjukuu wake alizitumia kumwandikia sura katika kitabu alichokihariri John Iliffe, kilichotoka mwaka 1973.