Carey Francis: Mwalimu wa hesabu aliyeacha alama katika fasihi ya Kenya

MWALIMU Edward Carey Francis alipoaga dunia Julai 27, 1966, baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walikuwa tayari mawaziri katika serikali changa ya Jamhuri ya Kenya. Yeye mwenyewe hakuwa mwanasiasa wala mtunzi wa riwaya. Taaluma yake ilikuwa hesabu. Lakini historia ya ufundishaji wa fasihi na uandishi katika shule za sekondari nchini haiwezi kukamilika bila kumtaja.

Francis alizaliwa jijini London mnamo 1897. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa afisa wa mizinga, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, alikong'ara katika hesabu. Alifanywa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse, na njia ya usomi ilikuwa imemfungukia wazi.

Mnamo 1928 aliiacha njia hiyo. Akiwa Mkristo aliyeamini kwamba imani bila huduma ni bure, alikuja Kenya chini ya shirika la kimishonari la Kanisa la Kianglikana, CMS, na kupewa usimamizi wa Shule ya Maseno. Alidumu huko miaka 12, akitunga pia vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Waafrika.

Mwaka wa 1940 alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, iliyoko Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa 1926 kwa ushirikiano wa madhehebu ya Kiprotestanti, wakiwemo Wapresbiteri, Waanglikana na Wamethodisti. Francis aliiongoza hadi 1962.

Kwa wakazi wa pwani, muungano huo wa makanisa ulikuwa na maana ya pekee. Wamishonari walikuwa wamekita mizizi Rabai tangu miaka ya 1840, na Wamethodisti wakafuata Ribe mnamo 1862. Kijana wa Kimijikenda aliyelelewa karibu na vituo hivyo aliweza kupanda ngazi ya shule za misheni hadi Alliance. Ndiyo njia aliyopita Ronald Ngala, Mgiriama aliyezaliwa 1923, ambaye alisoma Alliance na kisha Makerere, akawa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi wa chama cha KADU.

Kusini mwa Mombasa mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia Likoni kupitia Diani na Msambweni hadi Vanga, Wadigo na Waswahili wengi walikuwa Waislamu, nao watoto wao walianzia chuoni wakisoma Kurani. Kwa mzazi wa Msambweni, kumpeleka mwana shule ya misheni hakukuwa suala la karo na safari ya kivuko na gari moshi pekee. Lilikuwa pia suala la imani. Hivyo shule zilizokuwa mlango wa kazi za serikali na vyuo vikuu zilikuwa, kwa wengi wa Kwale, mlango uliofunguliwa nusu.

Ndani ya Alliance, dini haikuwa somo la kando. Siku ilianza kwa sala, na baadhi ya wanafunzi walitumwa vijiji vya jirani kufunza watoto masomo ya Jumapili. Katika Kiingereza, Biblia ilichukuliwa kuwa kielelezo cha uandishi bora: maneno mafupi, sentensi zilizo wazi, bila madoido. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma huko kati ya 1955 na 1958, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi wanafunzi walivyohimizwa kuiga lugha nyepesi ya Yesu, hadi mwanafunzi akakumbusha kwamba Yesu hakusema Kiingereza.

Hoja hiyo ndogo ilibeba jambo kubwa. Mwanafunzi alifunzwa kuandika kwa uwazi, na uwazi huohuo ukamwezesha kuhoji alichofunzwa.

Kila mwaka shule ilikuwa na tamthilia ya William Shakespeare. Katika miaka minne ya Ngugi zilioneshwa As You Like It, Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Lakini katika shule hiyohiyo wanafunzi walitunga na kuigiza michezo ya Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini, iliyochapishwa 1957. Kimani Nyoike alitunga Maisha ni Nini, na Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa. Kwa hiyo tamthilia ya Kiswahili iliyoandikwa nchini Kenya ina deni kwa vijana wa bara waliokuwa wakifundishwa kwa Kiingereza.

Malezi hayo yalikuwa na upande wa pili. Mnamo 1957 hadithi ya Ngugi kuhusu jaribio la uchawi ilitokea katika jarida la shule. Kwa maelezo yake, alistaajabu kukuta imetiwa maneno ya kuusifu Ukristo ambayo hakuyaandika. Hapo ndipo lilipo swali gumu la urithi huu: ni wapi mwalimu mwenye imani anapokoma kumwongoza mwanafunzi na kuanza kusema kwa niaba yake?

Francis mwenyewe alipimwa vikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Alipinga Mau Mau waziwazi. Hata hivyo, aliandika barua kulalamikia ukatili wa askari wa serikali dhidi ya raia. Walowezi wengi hawakumpenda kwa hilo, na wazalendo wengi hawakumsamehe kwa lile la kwanza.

Alipostaafu Alliance mwaka wa 1962, hakurejea Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha akiwa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, miongoni mwa watoto wa familia maskini. Huko ndiko alikofanya kazi hadi kufa. Hakuwa ameoa.

Miaka miwili baada ya kifo chake, Oktoba 1968, Ngugi pamoja na Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mnamo 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari, na silabasi ikaanza kubadilika. Ngugi, aliyefariki Mei 2025, aliipa kumbukumbu yake ya Alliance jina lililotoka katika kitabu cha John Bunyan, mhubiri Mkristo wa Uingereza. Mwanafunzi aliikataa sehemu kubwa ya mafunzo, lakini hakuusahau msamiati wake.

Leo Matuga, Diani na Msambweni zina shule zao za sekondari, na si ajabu mwalimu Mkristo kufunza fasihi darasa lililojaa Waislamu. Kwa mwalimu huyo, maisha ya Carey Francis ni funzo la pande mbili. Bidii na kujitoa kwake vinastahili kuigwa. Kalamu, hata hivyo, ni ya mwanafunzi, na anayeifunza haifai kuishika kwa niaba yake.