Irene Namaganda: Mama wa Mfalme Aliyevuliwa Cheo



Mwaka 1996 Diana wa Uingereza alipoachana na mumewe, Charles, watu hapa Ihanda walituuliza: sasa ataitwa nani? Tuliwajibu kwamba alinyimwa heshima ya kuitwa Mtukufu, lakini aliachiwa jina la Wales. Hatukuwaambia kwamba swali kama hilo lilikwisha kuulizwa karibu nasi, huko Buganda, miaka 55 kabla yake. Leo tunapenda kulieleza.

Irene Drusilla Namaganda alizaliwa mwaka 1896. Baba yake, Yonasani Kaizi, alikuwa mmoja wa Waganda wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa letu la Anglikana. Binti alisoma katika shule ya wasichana ya Gayaza. Mwezi Septemba 1914 aliolewa huko Namirembe na Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi uliotangulia. Hapo akawa na cheo cha Nabagereka, yaani mke wa Kabaka.

Ndoa yao ilikuwa ya pete, lakini Kabaka alipata watoto wengi kwa wanawake wengine. Mwaka 1924 Irene alimzaa Edward Mutesa. Daudi Chwa alipofariki mwezi Novemba 1939, kijana huyo wa miaka 15 ndiye aliyechaguliwa kuwa Kabaka. Basi mama yake akapata cheo kingine kikubwa, cha Namasole, yaani Mama wa Kabaka.

Cheo hicho ni kiti. Namasole ana makao yake, watumishi wake na ardhi yake. Akifa, ndugu wa ukoo wake hukirithi kiti hicho, kisikae kitupu. Na sharti moja kubwa la mila ni kwamba Namasole haolewi tena.

Irene alitaka kuolewa. Mchumba wake, Peter Kigozi, alikuwa mtu wa kawaida. Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliwaunga mkono, na Askofu Cyril Stuart aliridhia, kwa kuwa Mtume Paulo anamruhusu mjane kuolewa katika Bwana. Wakafunga ndoa mwaka 1941.

Nchi ilitaharuki. Baraza la Buganda lilikasirika, Nsibirwa akalazimika kujiuzulu, na Wakristo wengi walibaki na uchungu dhidi ya Askofu wao. Irene alivuliwa cheo cha Namasole. Aliishi hadi mwaka 1957, huku mwanawe akiendelea kuwa Kabaka.

Je, alinyang'anywa nini? Alinyang'anywa kiti na mali yake, kwa maana vilikuwa vya Buganda. Lakini jina Namaganda lilikuwa la ukoo wa baba yake, na kwa desturi ya Waganda mwanamke haliachi jina hilo anapoolewa. Irene alilipata katika ubatizo. Na Mutesa alikuwa mwanawe. Hakuna baraza liwezalo kubatilisha uzazi. Tunaona basi kwamba yako mambo mtu aliyopewa na watu, nayo watu huweza kuyadai. Yako na mengine ambayo watu hawakumpa.

Ndugu zetu, tunayaandika haya kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Zamani, tulipokuwa tukifundisha, mjane mmoja alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani. Alipoolewa tena, kihalali, mbele ya kasisi, aliondolewa uongozini. Hilo pengine lingeweza kuzungumzwa. Lakini watu waliacha hata kumwita Mama Fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kana kwamba mtoto yule naye amefutwa. Sisi tulimfahamu vizuri, na mtoto wake alikuwa darasani kwetu. Tulinyamaza.

Baada ya miezi michache hakuonekana tena ibadani. Tulikutana naye sokoni tukamsalimu kwa jina la zamani, akalia.

Basi mjane akiolewa, au mwanamke akiachwa na mumewe, tujadili cheo chake kwa haki ikiwa ni lazima. Jina lake na watoto wake tumwachie. Tusingoje, kama tulivyongoja sisi, mpaka tukutane naye sokoni.