Martin Munkácsi, Mpiga Picha Aliyeujua Mchezo Kabla ya Kamera

Iko picha moja mashuhuri ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini, migongo yao imetugeukia, miguu yao imekwisha kuingia katika mawimbi. Kwa miaka mingi picha hiyo iliitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika, nasi tuishio kando ya ziwa hilo tukaihesabu kuwa yetu. Wachunguzi wa baadaye wamesema kwamba ilipigwa Liberia. Aliyeipiga, karibu na mwaka 1930, ni Martin Munkácsi, Mhungaria aliyeanza kazi yake pembeni mwa viwanja vya mpira.

Alizaliwa tarehe 18 Mei, 1896, katika mji wa Kolozsvár, ambao zamani hizo ulikuwa wa Hungaria na leo umo katika Romania. Jamaa yake walikuwa Mayahudi, na baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Angali kijana alihamia Budapest, akawa mwandishi wa habari za michezo. Kamera aliishika baadaye, na jambo hili si dogo. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, zenye sahani za kioo, na kila sahani ilitoa picha moja tu. Mpiga picha aliyengoja mpaka mpira ufike golini alikuwa amekwisha kuchelewa. Munkácsi, kwa kuwa alikuwa amezoea kuusoma mchezo, alijua mpira utaelekea wapi, akalenga huko mapema. Ndipo alipomnasa mlinda mlango akiwa amenyooka hewani, wakati ambapo wengi wa wenzake walikuwa wakileta picha za timu zilizopangwa safu kama askari wa gwaride.

Sifa zake zilienea Hungaria alipopiga picha za ugomvi uliomwua mtu, nazo zikatumiwa mahakamani katika kesi ya mshitakiwa. Mwaka 1928 alikwenda Berlin, akapata mkataba na gazeti la picha la Berliner Illustrirte Zeitung. Humo ilichapishwa picha yake ya pikipiki ikipasua dimbwi, maji yakiruka pande zote. Gazeti lilimlipa ili aletee wasomaji mwendo, naye akauleta kutoka kila alikotumwa, awe Uturuki, Misri au angani katika chombo cha Zeppelin. Yafaa kukumbuka kwamba mtindo wake ulikua katika kazi ya kuajiriwa, yenye mhariri wa kuridhishwa na siku ya kukabidhi.

Tarehe 21 Machi, 1933, alitumwa Potsdam kupiga picha za sherehe iliyowakutanisha Rais Hindenburg na Hitler. Myahudi huyo aliifanya kazi hiyo kama alivyoagizwa. Haukupita muda mrefu akaondoka Ujerumani, kwani nafasi ya watu kama yeye ilikuwa imekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 1933, huko New York, mhariri Carmel Snow wa jarida la mavazi la Harper's Bazaar alimpa kazi ya kupiga picha za nguo za kuogelea. Wanamitindo wa wakati ule walizoea kusimama kimya chumbani chini ya taa. Munkácsi alimpeleka bibi mmoja pwani, siku ya baridi kali, na kwa kuwa hakujua Kiingereza akamwashiria kwa mikono akimbie. Bibi akakimbia, joho lake likipepea nyuma. Yaani alimpiga picha kama ambavyo angempiga mchezaji wa pembeni. Picha hiyo iligeuza kazi yote ya picha za mavazi, na Richard Avedon, aliyekuja kuwa bingwa wake, alikiri deni lake. Mfaransa Henri Cartier-Bresson naye alisema kwamba ile ya wavulana watatu ndiyo iliyomwonyesha kamera inaweza nini.

Alipata fedha nyingi na zote zikamtoka. Miaka yake ya mwisho kazi ziliadimika, akawa maskini. Alifariki Julai 1963 kwa ugonjwa wa moyo, akitazama mechi ya mpira katika kisiwa cha Randall's, New York. Majumba ya makumbusho na vyuo vikuu kadhaa vilikataa kuzipokea picha zake, zikatawanyika. Mwaka 2007 Kituo cha Kimataifa cha Picha cha mji huohuo kilipata maelfu ya negativu zake za kioo, ambazo ilidhaniwa zimepotea.